Mkato wa Tatu

Ravdna alivaa visu vitatu kiunoni, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayehitaji visu vitatu. Kikubwa kilikuwa cha kufyekea matawi na kuchanja kuni. Kidogo, chenye mpini wa fundo la mti na pembe ya kulungu, kilikuwa cha mambo mengine yote ya dunia: kukata nyama iliyokaushwa, kuchokoa uboho kwenye mfupa, kukwangua barafu viatuni na, ukifika Julai, kukata masikio ya ndama kuwatia alama. Visu hivyo viwili kila mfugaji wa kulungu huko Finnmark, kaskazini ya mbali kwenye barafu, anavyo. Cha tatu kilikuwa cha kaka yake, Ásllat, aliyezikwa mwezi Mei.

Alikitoa msumarini jikoni kwa marehemu siku ile ile ya mazishi, watu wakiwa bado wanakunywa kahawa, na hakumuuliza mjane. Alijiambia ameazima tu. Miezi minne ikapita, na Risten, wifi yake, hakusema neno. Kila walipokutana alikitazama kile kisu, kisha akatazama pembeni. Kuna watu ambao kimya chao kinachoma kuliko matusi, na Risten ni mmoja wao.

Septemba kulungu walirudishwa kutoka malisho ya pwani na kuingizwa zizini. Ravdna alisimama katikati ya kundi, kamba ya tanzi mkononi, akiwapitia walio wake kwa macho. Akamwona jike wake mwenye pembe ya kushoto iliyovunjika, na ndama jike akimfuata nyuma, mnene, mwenye afya. Akafurahi. Halafu akatazama masikio.

Sikio la kushoto, pengo moja nyuma. Sawa. Sikio la kulia, ncha imekatwa. Sawa. Lakini chini ya sikio hilo hilo la kulia kulikuwa na pengo jingine, safi, limeshapona. Kila mtu pale ana alama yake iliyoandikwa daftarini, na ndugu wa tumbo moja hutofautiana kwa mkato mmoja tu. Ya Ravdna ni mikato miwili. Mitatu ni ya Ásllat.

Aligeuka kutazama geti kana kwamba kaka yake angekuwa ameliegemea na kiko chake kinachonuka, kisha akajionea aibu.

"Klemet! Njoo umtazame huyu. Ni wa Ásllat."

Klemet, msimamizi wa malisho, mtu mfupi mwenye kofia isiyovuliwa, alichutama. "Ásllat yupi?"

"Kaka yangu! Unamjua Ásllat mwingine?"

"Dada Ravdna, ndama alama anapewa Julai. Kaka yako tulimzika Mei." Alijikuna chini ya kofia. "Labda huko aliko bado wanampanga zamu."

Wanaume wakacheka. Ravdna hakucheka, kwa sababu alikuwa haelewi, na yeye ni mtu wa kuelewa. Miaka arobaini na tano amekata masikio na hajawahi kukosea hata moja. Wengine wana pesa, wengine wana nyumba ya ghorofa mjini. Yeye alikuwa na sifa hiyo tu.

Mkono wa mtu aliye hai ndio uliokata. Mkono wa nani? Jirani mmoja aliyeegemea uzio alisema polepole, kwa ile sauti ya chini inayotaka kusikiwa na wote: "Alama ya marehemu inamnufaisha nani kama si mjane? Kumbe siku hizi naye amejua kukata."

"Mimi sijui amekata nani," Klemet alisema. "Najua kanuni. Ndama ambaye alama yake haielezeki anapanda lori la machinjio, nyama inauzwa, pesa inaingia mfuko wa wote. Lori linaondoka saa nane."

Ravdna alitoka zizini. Mwanzo hakuyaamini maneno ya jirani, lakini hatua kumi baadaye akayaamini nusu, na alipofika kwenye moto wa kupikia alishayaamini yote. Risten alikuwa pale, akikoroga sufuria ya mchuzi wa mifupa. Hakuja kwa ajili ya kulungu. Yeye ni muuzaji wa duka mjini Kautokeino, na siku hiyo alikuja na karatasi moja tu, ya kufuta alama ya mumewe daftarini, maana hakubaki mtu wa kuitumia. Alikuwa ameshampa Klemet.

"Wifi, ulikuwa wapi Julai?"

"Dukani, nauza maziwa. Kwani vipi?"

"Kuna ndama wangu kakatwa alama ya Ásllat."

Risten aliacha kukoroga. "Sasa unanitazama mimi? Mimi nikirusha tanzi najikamata mwenyewe! Uliza yeyote."

"Basi nani?"

"Unaniuliza mimi?" Risten akarudi kwenye sufuria yake. "Wewe ndiye unayetembea na kisu chake."

Ravdna alikaa juu ya gogo, akachukua kipande cha nyama kavu, mkono ukaenda kiunoni wenyewe kutafuta kisu. Alipotazama alichochomoa, kilikuwa cha Ásllat. Na kidole gumba chake kilikuwa kimeshageuka na kuyakinga makali ya kisu kwa chini, vile vile anavyokishika anapoanza mkato wa tatu.

Akabaki amekishika vile, nyama mkononi, haitafuni.

Miaka sita ya mwisho macho ya Ásllat yalififia, na Ravdna ndiye aliyemkatia ndama wake. Ásllat alikuwa mbishi: ndama wake wakatwe kwa kisu chake, si kingine. Kwa hiyo mkono wa Ravdna ulijifunza bila kufundishwa. Kisu chake, mikato miwili. Kisu cha kaka, mitatu. Na mwaka huu Julai ilikuwa ukungu, mvua inapiga kwa ubavu, vidole vimekufa ganzi. Kisu chake kilimponyoka topeni. Je, aliinama kukitafuta kwanza, au alichomoa kile kingine akamalizia masikio ya ndama aliyekuwa amemkalia? Alijitahidi kukumbuka. Aliona ukungu tu. Labda ilikuwa hivyo, labda alikuwa anaitunga sasa hivi pale juu ya gogo.

Lakini vipande havitungi. Kila mfugaji huweka vipande vya masikio anavyokata, ili ajue amewatia alama ndama wangapi. Vya mwaka huu alivitunga kwenye uzi na kuvisokomeza mfukoni mwa koti la mvua bila kuvihesabu, kwa jinsi alivyochoka. Koti lilikuwa ndani ya sanduku la pikipiki yake ya magurudumu manne. Akalifuata. Ndama kumi na wanne, vipande viwili kwa kila mmoja: vya Ravdna huwa jozi siku zote.

Alihesabu ishirini na tisa. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili. Ishirini na tisa.

Tusidanganyane: alifikiria kuutupa ule uzi motoni. Nani angejua? Ndama angepanda lori, na yeye angebaki Ravdna asiyekosea. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na hofu pia, kwa sababu mtu ambaye mkono wake unafanya kazi bila kumwambia anaweza kufanya lipi jingine? Halafu akamwona jirani yule akipita karibu na moto, akimnong'oneza mwenzake huku akimwonyesha Risten kwa kidevu.

Walikuwa wameshamkamata ndama miguu wakimburuta kuelekea lori alipowafikia.

"Mwacheni!" Akautupa uzi juu ya bodi la nyuma la lori. "Klemet, hesabu."

Klemet akahesabu midomo ikicheza. "Ishirini na tisa."

"Vyangu huwa jozi. Hicho kilichozidi nimekikata mimi, kwa kisu cha Ásllat."

Hata jirani alipata kitu cha kutazama chini.

"Ulikosea? Wewe?" Klemet aliuliza.

"Sijui."

"Hujui vipi, dada?"

"Sijui, Klemet! Nilishika kisu chake, mkono ukafanya ulichozoea. Ulikosea au ulimkumbuka, mimi sijui. Ila Risten hajui hata kurusha tanzi, na nisisikie tena mtu anamsema."

Klemet alivuta pumzi ndefu. "Basi inaelezeka. Lakini sikio siwezi kulishona. Kilichoandikwa pale si wewe. Ni nyumba ya Ásllat, mpaka niipeleke ile karatasi ya kuifuta alama."

Wote waligeuka. Risten alikuwa amesimama nyuma yao na upawa mkononi, na kwa sura yake alikuwa amesikia kila kitu. Ravdna alikifungua kisu cha tatu pamoja na ala yake, akakiweka juu ya bodi. Hakumpa mkononi, maana kule humpi kisu mkono kwa mkono mtu unayetaka kupatana naye.

"Nilikichukua siku ya msiba bila kukuomba, wifi. Nisamehe."

Risten alikiokota. Alikichomoa nusu, akakinusa, machozi yakamlenga, akakirudisha alani. "Klemet, karatasi yangu."

"Umeshatia saini."

"Nimekwambia nipe."

Alipewa, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni mwa aproni. Ndama aliachiwa, akakimbia kumtafuta mama yake. Kisha Risten akakiweka kisu tena juu ya bodi, upande wa Ravdna.

"Ndama namchukua. Hiki kaa nacho mpaka Julai, maana mkato wa tatu mimi sijui unaanzia wapi."

"Nitakuonyesha."

"Halafu unirudishie."

"Nitakurudishia, wifi."

"Na safari hii nahesabu miezi."

Ravdna akavifunga tena visu vitatu kiunoni. Hiki cha tatu, sasa, alikuwa ameazima kweli.