Jike la Kuja

Mume wangu alikuwa mhudumu wa mbwa mwitu, wale wenye madoa, waliofugwa ndani ya waya huko nyikani juu ya Maramba ili wasitoweke kabisa. Nyumba yetu ilikuwa Tongoni, kwa mama yake. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya miaka ya foleni, lakini nyama sisi tuliiona kwa nadra. Mbwa wake walikula kila siku. Niliwaonea wivu, nasema kweli. Akija nyumbani anazungumza habari zao tu, nani kazaa, nani kapigana na nani.

Kisha nikapata wa kumwonea wivu zaidi. Binti wa ami yake alirudi kutoka Mombasa na marashi na kanga ambazo hazijafuliwa hata mara moja, na mama mkwe akaanza kumwita aje kuchambua mchele kwetu, kana kwamba mimi sina mikono. Nilijua maana yake. Ukoo ule walioana wenyewe kwa wenyewe tangu enzi, damu isitoke nje. Mimi Mbondei wa Muheza niliingia kwa bahati, na miaka ilikuwa inapita sijashika mimba. Kila yule binti alipocheka jikoni, roho iliniuma kama kidonda kilichotiwa ndimu.

Mwaka huo maradhi ya mbwa wa kufugwa yalitoka vijijini yakapenya zizini. Mbwa mwitu walikufa wote isipokuwa mmoja. Mume wangu alirudi amenyong'onyea, akatueleza tukiwa tunakula. Yule binti naye alikuwepo. Mama mkwe alimkalisha sinia moja nasi, karibu na mwanawe kuliko ilivyostahili.

"Wote walitoka shimo moja, wakazaana wao kwa wao," mume wangu alisema. "Damu zao zimekuwa moja. Ugonjwa ukishajua njia ya kumwingia mmoja, umeijua ya wote."

"Na aliyepona?" nikauliza.

"Jike la kuja. Tulilileta kutoka mbali. Wenzake walikuwa wakiling'ata."

Moyo uliniruka kwa furaha. Ningenyamaza, lakini wivu hauna breki.

"Umesikia, mama?" nikasema. "Wakioana ndugu kwa ndugu, mwisho wake ndio huo. Anayetoka nje ndiye anayebaki."

Nilikuwa nimemfananisha mwanamke wa swala tano, pamoja na ukoo wake mzima, na mbwa, tena mbele ya chakula. Yule binti akaondoa mkono wake kwenye sinia. Mama mkwe hakufoka. Alinawa vidole polepole, akamgeukia mwanawe.

"Hilo la kuja," akasema, "limewahi kuzaa?"

Nilimtazama mume wangu, nikingoja aseme neno lolote, hata la uongo.

"Hapana, mama," akajibu, akamsogezea yule binti sinia, aendelee kula.