Samli Si ya Mvua

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja kutoka Hola na mkoba wa vichupa vya mafuta ya kujipaka. Akavipanga kwenye kiti cha plastiki, kimoja cheupe, kingine kijani, akaniambia, "Nyanya, kiangazi kimeshika. Haya mepesi ya wakati wa mvua yaweke kando, sasa upake haya mazito." Amejifunza kwenye simu. Nikacheka mpaka akaninunia. Sikumcheka yeye, rafiki yangu. Nilicheka kwa sababu maneno hayo niliyasikia kimo changu hakijafika kiunoni mwa mtu mzima, hapa hapa chini ya Garsen, na aliyenifunza alikufa hajui simu ni mnyama gani.

Nyanya yangu mimi alikuwa mkulima wa mpunga, na ngozi aliijua kama alivyolijua shamba. "Ngozi ni shamba la mtoni," alikuwa akisema. "Likikauka lipe, likifurika liache lipumue." Kwenye nguzo ya nyumba kilining'inia kibuyu cha samli, na chini yake chupa ya mafuta ya nazi kutoka Kipini. Kiangazi, mto ukishuka mpaka migongo ya mamba inahesabika, tulipakwa samli, na miguuni zaidi, maana magaga ya kisigino hayana huruma. Mvua zikianza tu, kibuyu kinafungwa kitambaa mdomoni na tunahamia mafuta ya nazi, nayo tone, mtu asije akang'aa kama sambusa. Halafu kuna ile miezi ya kipupwe, asubuhi unaikuta nazi imeganda chupani kama uji uliolala. Nyanya anaitia chupa kwapani, anaendelea kufagia, huku akisema baridi imefika rasmi. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, kisa chake kirefu na kina mbuzi ndani, tukiache. Lakini kalenda ile ya chupa naisoma mpaka leo.

Sasa, samli yenyewe haikuwa yetu. Sisi Wapokomo ni watu wa jembe. Samli ilikuja na mama mmoja Muorma. Kila kiangazi malisho yakiisha kule mbugani, watu wake waliteremsha ng'ombe kunywa mtoni, na njia yao ilipita kando ya shamba letu. Mama huyo alileta kibuyu kilichofukizwa moshi wa kuni, samli ina harufu ambayo nikiikumbuka hivi mate yanajaa. Nyanya alimpa mpunga na ndizi. Hakuna aliyepima. Kazi kubwa ilikuwa kutaniana. Yule mama anaitazama miguu ya nyanya, anasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Wewe mguu yako napasuka kama shamba yako." Nyanya anamjibu kwamba yeye ananuka ng'ombe hata mamba wanamhama. Basi watakaa hapo, wanapakana visigino, wanacheka, mpaka jua lipinde. Mvua ikinyesha tope linakuwa baya kwa ng'ombe, mama yule anarudi mbugani, hatumwoni mpaka kiangazi kingine.

Mwaka mmoja mvua zilikuwa zimekwisha kuanza, kibuyu kimeshafungwa. Watu wazima wako shamba, nami nimeachiwa mdogo wangu, mtoto mchanga mwenye mashavu. Shangazi yangu alikuwa anakuja kumtazama kwa mara ya kwanza, na shangazi huyo alikuwa mtu wa kutafuta kasoro. Nikataka mtoto ang'ae. Nikapanda kinu, nikafungua kile kitambaa, nikampaka samli kichwa hadi vidole. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Na ile hewa ya mvua mnaijua, joto la chungu kilichofunikwa. Shangazi alipofika, mtoto alikuwa amejaa harara, vipele mwili mzima, analia hashiki titi.

Shangazi alimnusa tu. Akasema ni samli ya yule mwanamke, ametia kitu, na kama hakutia kitu basi ni jicho. Nyanya aliuliza nani amempaka mtoto. Nikatazama kuku. Nakwambia ukweli, nilitazama kuku mpaka nikawajua mmoja mmoja. Nyanya akamwogesha mtoto maji ya mwarobaini siku nne, vipele vikakauka. Lakini maneno ya shangazi hayakukauka. Kisimani, kwenye kupepeta mpunga, kila mahali watu wakasema samli ya wafugaji si ya kuaminiwa. Nyanya hakuwajibu, ila alikuwa ameacha kucheka, na mimi nilikuwa nakula nalo lile jambo, nalala nalo.

Kiangazi kikaingia. Mama yule akaja na kibuyu chake, anatabasamu toka mbali. Shangazi, aliyekuwa kwetu siku hiyo, akamzuia mlangoni. "Rudi na samli yako," akamwambia. "Mtoto wetu ulitaka kumuua."

Mama yule akakitua kibuyu chini polepole. Akamtazama nyanya, akimngoja yeye aseme. Nyanya akafungua mdomo, akaufunga. Angesema nini, naye hakujua? Nikaona mama yule anainama kukiokota kibuyu, na nikajua akikiokota hatarudi tena.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimpaka mimi, mvua ikinyesha."

Kibuyu kikabaki chini. Mama yule akaniuliza, "Mvua? Hata mimi mtoto yangu siku ya mvua sipaki. Nani nafunza wewe?"

"Nilimfunza mimi," nyanya akasema. "Hakusikia." Kisha akamgeukia mama yule. "Na mimi nilinyamaza, ndugu yangu. Hilo ni langu."

Nilingoja fimbo. Badala yake mama yule akanikalisha, akanivuta mguu, akaupaka samli kwa dole gumba, kwa nguvu, kila ufa, mpaka machozi yakanitoka, sijui kwa maumivu au kwa nini. Shangazi alikaa siku mbili amenuna. Siku ya tatu alikuja na kikopo chake, akakiweka karibu na kibuyu, akatazama pembeni. Nyanya akamjazia.

Siku hizi mto haujui siku zake. Unafurika bila kubisha hodi, unakauka usipotazamiwa, na mpaka wa shamba na malisho una maneno marefu nisiyoyataka hapa. Mama yule alikuja viangazi vingi, halafu kikaja kimoja hakuja. Hatukupata habari. Nyanya alikiosha kibuyu kitupu, akakining'iniza nje mlangoni, pale anapoweza kukiona mtu anayetoka njia ya mbugani. Wengine walileta samli, akawaambia, "Ninayo." Kiangazi chote alitembea na magaga yake, damu ikitoka. Mvua ya kwanza ilipoanguka ndipo alipokitoa, akakiingiza ndani.

Mjukuu wangu alinipaka yale mazito ya chupa nyeupe. Yanalainisha, siwezi kumsingizia. Nilimuuliza tu ni nani aliyeyatengeneza. Akakigeuza kichupa, akasoma nyuma, akasoma pembeni, akaniambia, "Nyanya, hapa hawajaandika mtu."