Baba Alipokwenda Igunga

Nilikaa Uingereza miaka miwili nikisomea uuguzi. Asubuhi moja ya Novemba, saa tano kamili, nikiwa dukani na kikapu mkononi, watu wote waliacha walichokuwa wakifanya wakanyamaza. Mwenye duka aliinamisha kichwa, ua jekundu la karatasi kifuani. Walikuwa wanawakumbuka askari wao waliokufa vitani. Mwenzangu wa chumba, Mrusi, aliniambia kwao watu hupita mitaani wamebeba picha za babu zao waliopigana.

Baba yangu alipigana vita vya Kagera. Aliporudi kwetu Goweko akalima tumbaku, na habari za vita hakuzitaja. Kila Siku ya Mashujaa alisikiliza redio mpaka tarumbeta inyamaze, kisha akatoka nje.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia niliyoyaona. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na ndugu za waliokufa," akauliza, "huko kuna anayewaeleza walivyokufa?"

Nilimwambia hilo sikuuliza.

"Nilikuwa na mwenzangu wa Igunga. Alifia mikononi mwangu. Kwao sijawahi kufika."

"Kwa nini, baba?"

"Ningewaambia nini? Mimi nimerudi."

Wiki iliyofuata tulipanda basi. Medali yake ya vita aliiacha sandukuni. Alisema haendi kujionyesha. Igunga tuliulizia ukoo ule mpaka tukaonyeshwa nyumba ya dada wa marehemu, mama wa makamo ya baba, tuliyemkuta uani akipepeta mchele. Baba alivua kofia.

"Dada, mimi nilikuwa jeshini na kaka yako."

Akaweka ungo chini. Kisha akatuletea viti. Barua ya kifo waliipata zamani, alisema, lakini ilikuwa na mistari michache tu.

"Alikuwa na njaa?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Hapana. Asubuhi ile tulikula ndizi, tukashiba."

"Aliteseka?"

"Kidogo. Hakukawia."

"Aliombewa?"

Baba alisita. Sisi ni Wakristo, Wamoraviani, na wenyeji wetu walikuwa Waislamu. Mkeka wa kuswalia ulikuwa umetundikwa pale barazani.

"Nilimsomea Baba Yetu," akasema kwa sauti ndogo. "Sikujua sala nyingine. Unisamehe."

Yule mama alijifunika uso kwa khanga akalia. Baba naye alilia, na mimi sikuwa nimewahi kuyaona machozi yake, hata siku tuliyomzika mama.

"Kumbe hakufa peke yake," akasema yule mama hatimaye. "Miaka yote hii nilidhani alikufa peke yake."

Aliwaita wajukuu wake mmoja mmoja waje wamwamkie baba. Alasiri wakaja wazee wa msikitini kumsomea marehemu dua. Baba aliketi mkekani katikati yao, akafungua viganja kama wao.