Uzi kwenye mlango wa watoto

Kazi yangu iko Kasindi, mpakani. Mimi ni déclarant: natayarisha karatasi za malori yanayotoka Uganda, na turubai likifunguliwa nasimama hapo naangalia. Kazi hiyo imenifundisha kutokuamini mzigo uliopangwa vizuri mno.

Nyumbani kwetu ni Vulamba, Butembo. Narudi kila Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi naondoka. Na niseme mapema, uchafu unanitia kichaa. Tuna watoto watatu, mkubwa wa miaka minane, mdogo wa minne. Zamani nilikuwa nafungua mlango nakuta mboga ya sombe ukutani, matope kwenye sakafu ya sima niliyoing'arisha kwa mikono yangu, kijiko cha uji ndani ya kitanda. Nilikuwa napiga kelele mpaka majirani wanazima redio wasikilize.

Halafu, mwaka jana, Ijumaa moja nikakuta nyumba inang'aa. Ijumaa iliyofuata, vilevile. Watoto wamebanana kwenye kiti, miguu misafi, mikono juu ya magoti. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Mimi nikapitisha kidole chini ya meza. Hakuna kitu! Nikaangalia sabuni: kipande kilekile nilichokiacha. Nikaangalia gunia la makaa: halijashuka. Weee! Watoto watatu, siku tano, na makaa hayashuki?

“Munapikaka wapi?” nikamuuliza mke wangu.

“Hapa. Wapi tena, papa?” Akacheka, mais hakuniangalia.

Sitaficha, niliwaza mabaya. Mke wangu ni mzuri, mimi niko mbali, na Butembo matajiri wenye maghorofa hawakosi. Donc Jumatatu moja, alipowapeleka watoto shuleni, nikafunga uzi mwembamba kwenye mlango wa chumba chao, chini kabisa, msumari hadi msumari. Ndivyo lori linavyotiwa plomb: ikifika nzima, basi hakuna aliyefungua. Nikaondoka zangu.

Jumatano, bila kumwambia mtu, nikadandia lori mpaka Beni, kutoka hapo nikachukua teksi. Mchana nilikuwa mbele ya nyumba yangu. Kufuli mlangoni. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akaniona, akashika mdomo.

“Papa! Mais leo si vendredi!”

“Najua si Ijumaa, ni Jumatano,” nikamjibu kwa hasira, nikafungua kwa ufunguo wangu.

Uzi ulikuwa mzima. Siku mbili watoto wangu hawajalala kwenye vitanda vyao. Nikasema basi, mwanamke huyu amekwenda, na watoto amewabeba. Nikapanda pikipiki moja kwa moja hadi kwa mama yangu, ng'ambo ya kilima, nikamweleze mkwe wake ni mtu wa namna gani. Njiani nilipanga maneno yote.

Nilisikia vicheko kabla ya kushuka. Vicheko vyao. Nyumba ya mama yangu ni ya udongo, kuku wanaingia na kutoka watakavyo. Uani mke wangu alikuwa anachambua maharage, kichwa wazi, anaimba. Mkubwa alikuwa juu ya gunia la viazi. Ukuta wote ulikuwa umechorwa kwa makaa, ng'ombe na malori. Mdogo alikuwa uchi ndani ya beseni la matope, hindi mkononi.

Wakaniona. Hakuna aliyenikimbilia. Mkubwa akashuka, akatafuta ufagio. Wa kati akaanza kufuta ng'ombe kwa mkono wa shati la shule. Mke wangu akasimama, maharage yakamwagika, akainama haraka kuyaokota.

“Acha,” mama yangu akamwambia. Yeye hakusimama. Akanigeukia. “Muke yako hana kosa. Ni miye nilimwambia alete batoto huku. Lundi, ukishaondoka, banafika, banacheza, banalala. Vendredi tunabaogesha, tunakupelekea.”

Tunakupelekea. Nikaona aibu mbele ya watoto wangu mwenyewe. Nilitaka kuingia, nikainama kuvua viatu.

“Hapana vua,” mama yangu akasema. “Huku hatuvuaka.”

Mdogo alikuwa ameacha kutafuna. Alimtazama mama yake. “Mama, ni vendredi?”

“Bado,” nikamjibu mimi. “Vendredi bado, mwanangu. Cheza.”

Hakuniamini. Alitoka kwenye beseni polepole, akaanza kupangusa miguu.