Nani Alikuwa Anakula Choroko Zangu?

Hotpoti ya mjukuu wangu ilikuwa inarudi kutoka shule imelambwa inang'aa, na kila mwezi mtoto anazidi kunenepa.

Humo namwekea mlonge, samaki wa kuchemsha na wali kama ngumi. Mtu ananenepaje kwa mlonge? Ng'ombe sawa. Mtu?

Anaitwa Luningning, nami ananiita Lola, yaani bibi. Miaka tisa, kilo hamsini na tisa. Mama yake yuko Dubai analea watoto wa wenzie, wa kwake kaniachia mimi.

Shingo yake ikaanza kuwa nyeusi. Nikaisugua kwa jiwe la kuogea wiki nzima.

"Lola, inauma!"

"Uchafu ndio unaouma. Tulia!"

Daktari wa zahanati akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa. "Lola, huo si uchafu. Ni sukari inabisha hodi. Akiendelea hivi, hamalizi shule ya msingi bila sindano."

Jiwe nikalitupa. Nililia bafuni, mtoto asinione.

Ijumaa nikapika choroko, kama kila nyumba hapa Iloilo, Ufilipino. Mchana nikajibanza nyuma ya gari bovu mbele ya geti la shule. Wajukuu hawajui kwamba na sisi tulicheza kombolela.

Luningning huyo, moja kwa moja kwa Mang Teroy, mzee anayekaanga ngozi za kuku. Akampa hotpoti. Teroy akampa mfuko uliofura ngozi za kuku, na soda juu.

Halafu mzee akakaa, akala choroko zangu amefumba macho kama yuko kanisani.

Nikaibuka. "Teroy! Zimekolea chumvi?"

Kijiko kikamponyoka. "Lola Sidra! Kumbe mpishi ni wewe?"

"Ngozi zako huli kwa nini?"

"Nina sukari, Lola. Nimekatazwa mafuta. Lakini tangu nianze chakula chako, miezi minane sasa, vipimo vimeshuka, suruali zote zinanivuka!"

Yaani miezi minane namtibu Teroy!

Nikamvuta mtoto, nikamwonyesha Teroy ile shingo nyeusi. Akajipapasa shingo yake mwenyewe. Akaapa kwa Mtoto Yesu Mtakatifu kwamba hatampa tena.

Na akatimiza kiapo, simsingizii.

Tatizo ni mdomo wake. Jumatatu nakuta wauza vyakula watatu wanamgombania mjukuu wangu.

"Njoo kwangu, mrembo! Nakupa soseji mbili!"

"Achana naye huyo, mimi naongeza na ndizi za sukari!"

Teroy alishawatangazia kwamba chakula cha Lola Sidra kinashusha sukari. Na wote watatu wanayo.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Akanionyesha geti kwa kalamu. "Lola, mimi natawala kuanzia hapo kuja ndani."

Siku hizi naingia naye darasani mchana, tunakula wote. Anatafuna mlonge machozi yanamtoka, harufu ya mafuta inaingia dirishani. Wiki iliyopita nilishikwa na homa siku tatu tu.

Nikarudi, kaongeza kilo mbili.

Wenye watoto, nisikilizeni mimi niliyeishia darasa la nne. Kabla mtoto hajanunua, mtazame muuzaji anakula nini yeye. Mimi nilitazama nimechelewa, na goti linanisumbua, na likizo ingali mbali.