Aliyekuwa Akituombea Njia

Kwa miaka mingi mke wangu na mimi tulitoka Magomeni kila asubuhi kwenda kufungua duka letu la vitambaa Kariakoo. Mimi nilishika usukani, yeye alikaa kushoto na chupa ya chai mapajani. Kazi yake ilianza tukiingia barabara ya Msimbazi, pale ambapo lazima tuhamie upande wa kushoto ili tukate kona ya mtaa wetu. Hapo foleni haina huruma. Ukiwasha indiketa, wa pembeni anaongeza mwendo makusudi usipate nafasi.

Yeye hakuitegemea indiketa. Alishusha kioo, akatoa mkono na nusu ya kichwa, akaanza kuongea na dereva wa pembeni. Maneno sikuyasikia, honi na spika za wauza viatu zilimeza kila kitu. Nilichoona ni kisogo chake na kilemba, kisha gari la pembeni linasimama, naye ananigeukia: "Haya, ingia. Na ushukuru." Napiga honi fupi mbili, tunapita.

Alifariki mwaka jana, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tulimzika kwao, Kilimanjaro.

Niliporudi barabarani peke yangu, niligeuka mtu wa kuchomekea. Sikuomba, sikungoja. Niliingiza pua ya gari popote, na wakinitukana nafunga kioo. Kwenye kiti chake nilipakia majora ya vitambaa, nisikione kitupu.

Asubuhi moja nikamchomekea mwenye kirikuu, yale malori madogo yanayobeba mizigo ya sokoni. Kioo changu cha pembeni kikagonga chake, chake kikavunjika. Akashuka, mwanamume wa miaka kama arobaini. Nilijiandaa kwa ugomvi. Kusema kweli niliutaka. Akainama dirishani, akayatazama yale majora.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mama yuko wapi siku hizi?"

"Mama alifariki."

Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Nyuma yetu honi zikachachamaa, hakugeuka. "Pole sana, mzee. Mimi nilijua mmehamisha duka. Yule mama alikuwa hapiti hivi hivi. Kwanza aulize kama mwanangu amepona kifua, ndipo aombe njia."

"Alikuwa anasema nini kingine?"

Akatabasamu kidogo. "Alikuwa anasema, 'Mpishe mzee wangu, baba. Anajifanya mkali, lakini foleni ikimbana mikono inamtetemeka.'"

Nilidhani mke wangu hajawahi kuiona mikono yangu ikitetemeka.

Nikamwambia kioo chake nitamtengenezea. "Tutaongea, mzee. We pita kwanza." Akarudi kwenye gari lake, akalizuia lisisogee, na wote waliokuwa nyuma yake wakalazimika kuningoja.

Nikakata kona, nikaegesha mbele ya duka, lakini sikushuka. Miaka yote ile maneno yake yalisemwa karibu yangu kabisa, na sikuwahi kumuuliza anaongea nini na watu. Nilitamani nipate foleni moja tu naye, ndefu kuliko zote, tukwame ndani yake mpaka adhuhuri, nimwombe anisimulie.

Fundi cherehani wa kibaraza cha jirani akaja kugonga dirisha, akauliza kama naumwa. Nikamwambia hapana. Nikashuka, nikafungua milango. Wateja wawili walikuwa wamesimama barazani wakisubiri vitenge.