Swali la Nyumba ya Wazee

Fomu yenyewe ni ya ukurasa mmoja, na hadi leo nikiikumbuka damu inanichemka. Raia wa Marekani anayeishi nje huijaza ili atumiwe karatasi ya kura, nayo kabla ya kujali unamtaka nani, inataka kujua wewe ni mtu wa wapi. Kuna visanduku vya kuweka alama. Kimoja kinasema: ninaishi nje na ninakusudia kurudi. Kingine kinasema: ninaishi nje na sina hakika kama nitarudi. Unachagua kimoja tu, halafu chini unatia sahihi ukiapa kwamba umesema kweli, na ukidanganya unaweza kushtakiwa.

Mimi ni Mkenya. Uraia wa Marekani niliupata baada ya kuishi miaka kumi na miwili katika mji mdogo wa katikati ya nchi ile, mji wenye mahindi mengi kuliko watu. Aliyenipokea huko ni dada yangu mkubwa, na nyumba tuliishi moja. Kisha mume wangu akapata kazi ya benki Johannesburg, nami nikapata ya kufundisha katika chuo kimoja pale Doornfontein, tukahama na watoto. Dada akabaki katika nyumba ile ile na kazi ile ile ya kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza wazee kitandani, kwenye nyumba ya wazee inayoendeshwa na kaunti.

Sasa hebu tazama kioja hiki. Dada, aliyetangulia kufika kule na ambaye hajaondoka, hakuwa na kura. Alikuwa na kadi ya ukaazi tu. Alikuwa na haki ya kuomba uraia tangu zamani, ila aliukataa kwa sababu ya kile kiapo cha kuikana nchi uliyotoka. Alisema hawezi kusimama mbele ya hakimu akaikana ardhi alimolazwa mama yetu. Mimi niliapa, nikatoka nje nikala keki. Ndivyo tulivyo. Kwa hiyo aliyebaki kule hakuwa na kura, na aliyeondoka alikuwa nayo mfukoni, huku Johannesburg nikikatwa kodi kila mwezi na siku ya uchaguzi nikiwatazama majirani wakirudi na wino kwenye kidole gumba.

Fomu ya mwaka 2016 iliniuliza pia chama. Wakenya tukisikia chama tunawaza kadi, mwenyekiti, na ni nani wa kwetu yumo ndani. Kule, angalau katika jimbo letu, ilikuwa rahisi mno hata nikaona haya. Unataja chama unachokitaka, unaletewa karatasi ya mchujo ya chama hicho, unasaidia kuchagua mgombea wake, na ikifika Novemba uko huru kumpigia hata wa chama kingine. Vikubwa ni viwili, kimoja alama yake punda na kingine tembo. Nilipowaeleza walimu wenzangu wakati wa chai, mmoja aliangusha kijiko kwa kucheka. Nchi kubwa vile, akasema, wanyama wawili tu?

Walicheka zaidi nilipofika kwenye urais. Rais wa kule hapatikani kwa kurundika kura zote pamoja na kuona nani ana rundo kubwa. Kila jimbo lina wajumbe wake, na karibu kila mahali anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja, anawazoa wajumbe wote. Ndiyo maana mtu anaweza kupendwa na wengi nchini na bado akarudi nyumbani mikono mitupu. Jimbo letu lilikuwa la mnyama mmoja tangu sijazaliwa. Kura yangu ya urais haikumtisha mtu yeyote.

Dada alilijua hilo, na urais haukumshughulisha. Alinipigia simu mwezi wa Septemba, kwa sauti yake ya kuagiza.

"Kuna swali chini kabisa ya karatasi," akasema. "Usilipite. Wanauliza kama kodi ya nyumba ya wazee iendelee au isimame. Ikisimama, watatufunga. Wewe weka ndiyo. Wewe ndiye kura yangu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wakati huo nilikuwa sijaifikiria ile alama kwenye fomu.

Aliyenifanya niifikirie ni mume wangu. Ni mzee wa kanisa katika ushirika wetu wa Wakenya, mtu anayerudi dukani akigundua amepewa chenji ya ziada. Alinikuta mezani na fomu.

"Utarudi kule?" akaniuliza.

"Sijui."

"Basi andika hujui, mama. Unaapa hapo."

Nikaandika sijui. Wiki chache baadaye karatasi ya kura ikanijia kwa barua pepe, na nilipoichapisha nikadhani mashine imekwama. Kulikuwa na rais, seneta na mbunge wa kwenda Washington, basi. Nikaigeuza nyuma, tupu. Nikamwandikia karani wa kaunti, naye akanijibu kwa adabu zote kwamba asiye na hakika ya kurudi hupewa kura ya nafasi za kitaifa peke yake. Mambo ya kaunti ni ya wale watakaokuja kuishi nayo.

Nilisoma barua ile nimesimama. Mimi niliyewavalisha wale wazee nguo zao za Krismasi miaka mitatu mfululizo, kabla sijapata kazi ya kufundisha, sasa mambo yao hayanihusu kwa sababu nimekuwa mkweli! Novemba ikafika, hapana ikashinda. Kaunti ikasema ina akiba ya kuiendesha nyumba kwa miaka miwili, halafu italirudisha swali mara moja ya mwisho. Dada hakunilaumu. Angenilaumu ningefurahi. Kwa muda mrefu kila nilichomwandikia alijibu "sawa".

Hiyo miaka miwili nilikuwa mtu wa hasira, na Johannesburg haikunisaidia. Karani wa vibali aliyekuwa akigonga mhuri kwenye pasipoti yangu aliniuliza ninarudi kwetu lini. Jirani wa ghorofa ya pili, mama mwema anayenipikia uji wa mahindi wa kwao, aliniuliza. Mama mkwe aliuliza kila Jumapili kwa simu. Mlinzi wa maegesho aliuliza huku akinielekeza niegeshe. Hata mwanangu, ambaye Kiswahili anakielewa na kukijibu kwa Kizulu, alirudi kutoka shuleni siku moja akauliza kama sisi ni watu wa kuondoka. Nikamwambia amwambie mwalimu wake kwamba sisi ni watu wa kula chakula cha jioni, na aende akanawe mikono.

Fomu ya 2018 ilipofika, sikumsubiri mtu anikute nayo mezani. Nilimwita mwenyewe.

"Naweka kusudio la kurudi," nikamwambia mume wangu. "Nimekuita uone."

"Lini?"

"Haijauliza lini. Soma."

Akasoma, akavua miwani. "Unajua wanachomaanisha."

"Wanachomaanisha sikijui, ninajua walichoandika. Wameuliza ninakusudia nini, na nia ni yangu. Mbona kila mtu duniani ana haki ya kuniuliza nitakwenda wapi, na mimi sina haki ya kuamua jibu?"

"Mimi sitatia mkono wangu hapo."

"Hakuna aliyeuomba."

Nikaweka alama mbele yake, nikaikandamiza kalamu mpaka ikatoboa kidogo. Nakiri nilifurahi. Nilijiona kama nimempiga kibao kila karani aliyewahi kunitazama juu ya miwani yake.

Safari hii karatasi ilikuja na kurasa nne. Jimbo lile lilitaka pia shahidi, mtu mzima yeyote, aone ninatia sahihi. Mume wangu alishasema lake, kwa hiyo nikaenda kwa fundi wangu wa nguo, Mkongo wa Bukavu mwenye karakana ya cherehani mbili karibu na chuo. Alifuta mikono, akazishika kurasa kwa ncha za vidole.

"Mama, hii ni kura ao ni kitabu?"

Nikamwonyesha. Gavana. Majaji. Kiongozi wa mashtaka. Bodi ya shule. Bodi ya udongo na maji. Alipofika kwa afisa wa kaunti anayechunguza vifo, akaketi.

"Eish! Munachagula mpaka mwenye kupima maiti?"

"Hata yeye. Na ana chama."

"Maiti yake iko na chama?"

"Yeye mwenyewe ndiye ana chama, fundi."

Akatikisa kichwa. Kwao uchaguzi ulikuwa umeahirishwa tena na tena. "Sisi tuko tunangojea kuchagula mutu moja tu," akasema, "na huyo moja hatujamuona." Nikafika ukurasa wa mwisho. Swali la nyumba ya wazee lilikuwa pale, sentensi moja ndefu ya kisheria yenye ndiyo na hapana chini yake. Nikajaza duara la ndiyo. Nikatia sahihi, naye akatia ya kwake, kubwa, yenye mkia, akaniuliza kama Amerika sasa wanamjua. Nikamwambia wanamjua. Siku hiyo hiyo nikaituma kwa kampuni ya kusafirisha nyaraka.

Kura zinazotoka nje huhesabiwa mwishoni. Siku ya uchaguzi hapana ilikuwa mbele, lakini kwa karibu sana hivi kwamba hakuna aliyethubutu kutangaza. Dada akaanza tena kunipigia kila siku. Tulizungumza kama zamani, anapika nami nasahihisha mitihani, na kati yetu kuna ile hesabu ambayo haijafungwa. Siku ya kumi alinipigia mchana, nikiwa kwenye ngazi za chuo.

"Tumeshindwa," akasema.

Walitushinda kwa kura chache kuliko idadi ya wazee waliolala ndani ya nyumba ile. Wazee hao wengi wao walikuwa na haki ya kupiga kura kitandani, kwa karatasi kama yangu. Hakuna aliyekumbuka kuwaombea karatasi hizo.

"Mimi mwenyewe niliwavalisha soksi asubuhi ya uchaguzi," dada akasema. "Nikawauliza kama wanataka uji au mayai. Kura sikuwauliza."

Nilikasirika kwa niaba yake. Nilimtukana kamishna wa kaunti, nikamtukana karani, nikaitukana nchi yenye mchunguzi wa vifo wa kuchaguliwa na wazee wasiokumbukwa. Wanafunzi walipita wakinitazama. Dada aliniacha nimalize.

"Nimechukua fomu ya uraia," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. "Wewe? Na kile kiapo?"

"Nitaapa. Mama atanielewa, na asiponielewa tutazungumza tukikutana. Nimechoka kuazima kura."

Maneno yale yaliniuma, sitaficha. Nilikuwa nimejiona shujaa wake, kumbe kwa miaka yote hiyo alikuwa mtu anayebisha mlango wa jirani kuomba chumvi.

"Na wewe sasa uko huru," akaendelea, kwa upole ambao hanao mara nyingi. "Mara nyingine weka alama kwenye kisanduku cha kweli. Usiape uongo kwa ajili yangu."

"Nilishaweka mwaka huu," nikamwambia. "Ninakusudia kurudi."